Julai Milimani: Baridi Inatoka Wapi, na Mvua Imekwenda Wapi?

Pita asubuhi ya mwezi wa saba katika kijiji chochote cha Kasulu au Kibondo. Watu wanasalimiana "Mwakeye" huku mikono imefichwa ndani ya kitenge au koti. Watoto wamezunguka mafiga, hawataki kutoka jikoni. Wazee wamekwisha kuhama, wamekaa upande wa nyumba unaopigwa na jua. Kule mabondeni ukungu umelala, huoni hata mgomba wa jirani.

Ikifika saa saba mchana mambo yamegeuka. Jua linachoma. Vumbi linatimka barabarani. Yule aliyevaa koti asubuhi sasa amelitupa begani. Jua likizama tu, baridi inarudi.

Watu huuliza: inakuwaje jua kali na baridi kali vikae katika siku moja? Na mbona baridi ya masika inakuja na mvua, lakini ya Julai inakuja kavu? Kuna wanaosema kwamba mwezi huu jua limekwenda mbali na dunia. Wengine wanasema ni upepo wa ziwani. Hebu tulitazame jambo hili polepole, maana si la kupitisha wakati tu. Mahindi na maharage yaliyoko uani sasa hivi yanategemea hali ya hewa ya mwezi huu.

TUNAKAA JUU

Kwanza tukumbuke tunakoishi. Maji ya Ziwa Tanganyika yako kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Vijiji vyetu vingi vya Kasulu, Kibondo, Buhigwe na Kakonko viko juu zaidi ya mita 1,200, na vingine vya milimani kuelekea mpaka wa Burundi vinapita mita 1,500. Hewa hupoa kadiri unavyopanda. Ukipanda mita 1,000, joto hupungua nyuzi 6 hivi. Ndiyo maana mtu akipanda basi Ujiji jioni na shati jepesi, akiteremka Kasulu usiku anatafuta wa kumwazima koti.

Lakini urefu wa nchi peke yake hautoshi kueleza. Mwezi wa kumi tunakaa juu vilevile, na hatutetemeki.

JE, JUA LIMEKWENDA MBALI?

Ni kweli kwamba mwanzoni mwa Julai dunia iko mbali na jua kuliko miezi mingine. Umbali unafika kilomita milioni 152. Mwanzoni mwa Januari ni kilomita milioni 147. Lakini hiyo siyo sababu. Kama ingekuwa ndiyo, Ulaya nako wangeona baridi mwezi wa Julai. Wao mwezi huo wako katika joto lao.

Sababu ni upande ambao jua limehamia. Tarehe 21 Juni hivi, jua la mchana linakuwa juu ya utosi wa watu wa kusini ya Misri, karibu na Aswan. Kwetu linapita upande wa kaskazini. Unaweza kulihakikisha mwenyewe bila kitabu. Simika fimbo iliyonyooka uani, yenye urefu wa mita moja. Mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, tazama kivuli chake mchana kinapokuwa kifupi kabisa. Utakuta kimelala upande wa kusini, na urefu wake ni nusu ya fimbo au zaidi kidogo.

Kivuli hicho kifupi hutakiona saa sita. Utakiona saa saba na dakika chache. Saa za Tanzania zimepangwa kwa kufuata mahali palipo mashariki kwetu, na sisi wa Kigoma tuko magharibi kabisa. Jua linatufikia limechelewa kama saa nzima. Ndiyo sababu mwezi huu mtoto wa shule anatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu gizani, na jua linachomoza saa moja imekwisha kupita.

Jua likiinama, mwanga wake hutawanyika. Chukua tochi. Ukimulika ukuta moja kwa moja unapata duara dogo lenye mwanga mkali. Ukiinamisha tochi, duara linapanuka na mwanga unafifia. Hata hivyo tusizidishe maneno. Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo jua la mchana la Julai linapungua nguvu kidogo tu, pengine sehemu moja katika kumi. Ndiyo maana mchana bado linachoma. Baridi yetu kubwa haitoki hapo. Inatoka kwenye mambo mawili: upepo na uwazi wa anga.

MVUA IMEFUATA JUA

Mahali ambapo jua liko utosini, ardhi na maji hupata moto sana. Hewa ya hapo hupanda juu, inapoa, mvuke wake unageuka mawingu, na mvua inanyesha. Kwa hiyo kuna mkanda wa mvua unaoizunguka dunia katikati, na mkanda huo unalifuata jua. Jua likienda kusini, kuanzia mwezi wa kumi, mkanda unateremka kwetu. Jua likirudi kaskazini, mkanda unaondoka nalo.

Mwezi wa Julai mkanda huo uko Sudani na katika milima ya Ethiopia. Huko ndiyo masika yao. Mvua hiyo ya Ethiopia ndiyo iliyokuwa ikifurisha mto Nile na kuwaletea wakulima wa Misri maji na rutuba kila mwaka, tangu enzi za Mafarao mpaka ulipojengwa ukuta mkubwa wa kuzuia maji pale Aswan, uliokamilika mwaka 1970.

Nyuma ya mkanda wa mvua unakuja upepo. Watu wa pwani wanauita kusi, na majira haya ya baridi wanayaita kipupwe. Unatoka kusini na kusini mashariki, mahali ambapo mwezi huu ni baridi ya kweli. Kule Lesotho milima inapata theluji. Upepo huo unapita baharini na kupata unyevu, lakini sehemu kubwa ya unyevu unaachwa katika milima ya mashariki ya nchi yetu. Ukifika Kigoma umechoka na umekauka. Tena hewa ya juu majira haya huwa inashuka badala ya kupanda. Hewa inayoshuka haitengenezi mawingu. Ndiyo maana unaweza kuangalia juu wiki nzima na usione wingu la maana.

WINGU NI BLANKETI

Sasa tumefika kwenye kiini cha habari yenyewe.

Mchana ardhi inapokea joto la jua. Usiku ardhi inalirudisha joto hilo juu. Kama kuna mawingu, yanalizuia na kurudisha sehemu yake chini, kama blanketi linavyozuia joto la mwili wako. Kama hakuna mawingu na hewa ni kavu, joto linakwenda zake moja kwa moja. Ardhi inapoa, na hewa iliyoigusa ardhi nayo inapoa. Kazi hiyo inaendelea usiku kucha. Kwa hiyo saa ya baridi kuliko zote si usiku wa manane. Ni alfajiri, mpaka jua linapochomoza.

Basi umeona. Ule uwazi wa anga unaoruhusu jua likuchome mchana, ndio huo huo unaoruhusu joto likimbie usiku. Jua kali na baridi kali ya Julai ni watoto wa mama mmoja. Katika nyanda zetu usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 15, na mchana uleule ukapanda zaidi ya nyuzi 25. Masika hatuoni tofauti kubwa namna hiyo, kwa sababu blanketi liko juu yetu mchana na usiku.

Bati linatufundisha jambo hilohilo. Usiku wa Julai bati linapoteza joto upesi kuliko nyasi. Linakuwa baridi kuliko hewa iliyomo ndani. Mvuke wa pumzi zetu na wa vyungu vya jioni ukiligusa, unageuka maji. Alfajiri unasikia tone linadondoka kitandani, unafikiri bati limetoboka. Halijatoboka. Nyumba ya nyasi haina shida hiyo, ingawa ina zake, na moto ndiyo kubwa.

BARIDI HUTEREMKA KAMA MAJI

Hewa ya baridi ni nzito kuliko hewa ya moto. Usiku ukitulia bila upepo, hewa baridi inateremka kutoka milimani, inafuata makorongo kama maji yanavyofanya, inajikusanya bondeni. Kwa hiyo aliyejenga bondeni karibu na mto anaona baridi kali kuliko aliyejenga katikati ya mlima, ingawa yule wa mlimani yuko juu. Watu wengi hawaamini mpaka walale sehemu zote mbili.

Ukungu wa asubuhi unatoka hapo. Kando ya mto Malagarasi na kwenye mabwawa makubwa ya Moyowosi kuna unyevu mwingi. Hewa ya hapo ikipoa sana usiku, mvuke unageuka matone madogo madogo yanayoelea. Huo ndio ukungu. Ni wingu lililokaa chini. Jua likipanda, ikifika saa tatu au saa nne, matone yanarudi kuwa mvuke na ukungu unapotea.

Usichanganye ukungu huo na utusitusi wa mchana wa Agosti. Ule ni moshi wa mbuga zinazoungua, pamoja na vumbi. Haupotei saa nne. Unakaa mpaka mvua ya kwanza iuoshe. Jua la jioni linakuwa jekundu kama kaa la moto kwa sababu hiyo.

MJI MMOJA WA MISRI

Wengine wamesikia redioni au kwa ndugu walioko nje kwamba majira ya baridi ya huko ni majira ya mvua. Ni kweli kwa nchi nyingi zinazozunguka Bahari ya Mediteranea. Tuchukue mji wa Iskandaria, ulioko Misri ufukweni mwa bahari hiyo. Tunauchagua kwa sababu tuna undugu nao wa maji. Ng'ambo ya mpaka wetu, pale Rutovu nchini Burundi, iko chemchemi ya kusini kabisa ya mto Nile. Tone likianguka upande ule wa mlima linaanza safari ya kwenda Misri. Tone likianguka upande wetu linaingia Malagarasi, linafika Ziwa Tanganyika, kisha mto Lukuga na mto Kongo, mpaka bahari ya magharibi.

Iskandaria wanapata baridi yao Desemba, Januari na Februari. Mchana wa Januari ni nyuzi 18 hivi, na usiku ni 9 au 10. Ukilinganisha na sisi, tofauti ya mchana na usiku ni ndogo. Sababu unaijua sasa: mawingu, na bahari iliyo mlangoni. Maji ya bahari hupoa polepole, kwa hiyo mji ulio kando yake haupoi ghafla. Mvua ya mwezi huo ni kama milimita 50. Ni mvua ya tufani. Hewa baridi inatoka Ulaya, inapita juu ya maji ya bahari ambayo bado yana joto la kiangazi, na mvuke unapanda kama chunguni. Upepo unavuma, mawimbi yanapiga ukuta wa barabara ya pwani, na mashua zinabaki bandarini.

Wavuvi wa mji ule wamezipa tufani hizo majina tangu zamani, kila moja na tarehe zake. Ya mwezi wa Novemba wanaiita Maknasa, maana yake ufagio. Ya Januari inafuata sikukuu ya Wakristo wa huko, inaitwa Ghitas. Wazee wetu nao walikuwa na kalenda yao ya maua ya miti na nyota, bila kuwa na saa ukutani. Watu wa huko bado wanazitaja tufani hizo kwa majina yake, ingawa kipimo cha serikali kipo. Na tufani si za mchezo. Oktoba 2015 mvua moja ilifurika mitaa ya mji, na watu kadhaa wakafa.

Lakini mwaka mzima Iskandaria inapata milimita 200 tu hivi. Sisi tunapata 1,000 na kuzidi. Mwezi wa Julai wao hawapati hata tone, kama sisi. Mwezi wa Januari wao wananyeshewa, na sisi tunanyeshewa. Ajabu, siyo? Wao wanaiita mvua ya baridi, sisi tunaiita mvua ya msimu wa joto, lakini miezi ni ileile. Maana yake ni hii: jua likienda kaskazini mwezi wa Julai, mkanda wa mvua unakaa katikati yetu na wao. Kusini ya mkanda tumekauka sisi, na kaskazini yake wamekauka wao.

Tuwaache watu wa Iskandaria na tufani zao. Turudi uani kwetu, maana kuna mahindi yameanikwa.

KILE ANGA LINACHOTUPA, NA LINACHOTUNYANG'ANYA USIKU

Hewa kavu ya Julai ni mali. Mkulima wa Iskandaria akivuna kitu Januari hawezi kukianika uani. Sisi Mungu ametupa miezi mitatu ya kuanikia mahindi, maharage, muhogo na kahawa bila kununua kuni wala mashine. Lakini wengi tunaipoteza mali hiyo kwa sababu ya usiku.

Punje ya hindi inapumua unyevu. Mchana hewa ikiwa kavu, punje inatoa maji. Usiku hewa ikipoa, unyevu wake unapanda, umande unaanguka, na punje inayanywa tena. Anayeacha mahindi nje usiku kucha anafanya kazi ya mchana na kuifuta usiku. Baada ya wiki mbili anasema, "Nimeanika siku 14." Kwa kweli hajaanika hata siku saba.

Basi fanya hivi. Anika jua likipanda na umande ukikauka, siyo alfajiri. Anika juu ya turubai, mkeka au kichanja. Usianike juu ya udongo mtupu. Udongo una unyevu wake kutoka chini, na ndimo kuvu anamokaa. Geuza mara kwa mara. Ikifika saa kumi na moja jioni, kabla jua halijapoteza nguvu, kusanya na uingize ndani. Usitie kwenye gunia punje zikiwa bado na moto wa jua. Ziache zipoe kivulini kwanza. Ukifunga moto ndani ya gunia, usiku jasho linatoka, na katikati ya gunia panaanza kuoza.

Utajuaje kwamba yamekauka? Wengi wetu tunauma punje kwa meno. Meno yanasaidia, lakini yanadanganya. Iko njia ya chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa na yenye kifuniko. Tia mahindi mpaka theluthi moja ya chupa. Ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokaushwa juani au kwenye kikaango. Funga, tikisa sana, kisha acha robo saa. Kama chumvi inaganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado ni mabichi. Kama chumvi inabaki inateleza, yamefaa kuwekwa. Chupa yenyewe hugharimu nini? Hakuna.

Kwa nini tunasisitiza? Mahindi yenye unyevu yanaota kuvu, na kuvu wengine wanatoa sumu. Kwa Kiswahili sumu hiyo inaitwa sumukuvu. Haina harufu ya kuaminika, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu walikula mahindi yenye sumu hiyo wakaugua ini, na wapatao 20 walikufa. Walikuwa wakulima kama sisi, na walikula chakula cha shambani mwao.

Halafu yuko dumuzi. Mdudu huyu aliingia nchini kutoka Amerika, akaonekana kwanza mkoa wa Tabora, jirani zetu, karibu na mwaka 1980. Watu wakampa jina la Skania, kwa jinsi anavyobomoa kama lori kubwa. Ukavu peke yake haumzuii, maana yeye anatoboa hata punje kavu. Kwa hiyo piga mahindi, kisha tia dawa ya ghala kwa kipimo alichosema bwana shamba, au tumia mifuko isiyopitisha hewa. Lakini angalia: mfuko usiopitisha hewa hautoi maji. Ukiweka mahindi mabichi humo, umeyafungia yaoze. Jaribu la chumvi lije kwanza.

Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Na kama nyumba ni ya bati, usiyapange mpaka yafike karibu na paa. Lile tone la alfajiri litadondokea humo.

MOTO WA NDANI NA MOTO WA NJE

Baridi inatusogeza kwenye moto. Hapo tunasema mawili tu.

Usilale na jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Mkaa unaowaka unatoa hewa yenye sumu, iitwayo kaboni monoksidi. Haionekani, hainuki. Mtu anasikia kichwa kizito, anasinzia, haamki. Ota moto mlango ukiwa wazi, kisha toa jiko nje kabla ya kulala. Na mtoto mdogo akikohoa huku anapumua haraka haraka, au mbavu zinabonyea kila anapovuta pumzi, usiseme ni baridi ya Julai itapita. Hiyo ni dalili ya nimonia, yaani kichomi. Mpeleke zahanati siku hiyohiyo.

Moto wa nje ndio unaotula zaidi. Nyasi zimekauka, hewa imekauka, na mchana upepo wa kusi unavuma. Misitu ya miombo ya Kibondo na Kasulu inashika moto kwa kijinga kimoja tu. Warina asali wanajua. Mwezi huu wengi wako porini, na mienge ya nyasi bado inatumika. Mwenge mmoja ukianguka, mizinga ya watu kumi inaungua, na maua ambayo nyuki wangeyatafuta baadaye nayo yanakwisha. Bomba la moshi ni bora: linatoa moshi bila ndimi za moto. Anayechoma mabaki ya shamba naye alime kwanza mkanda mtupu kulizunguka shamba, achome asubuhi au jioni upepo ukitulia, na asiwe peke yake. Ingawa, kusema kweli, mabaki hayo yangekuwa mbolea nzuri kama yangeachwa yaoze.

NGOJA KIVULI KIPOTEE

Ile fimbo tuliyosimika uani usiing'oe. Kivuli chake kitafupika kidogo kidogo Agosti na Septemba, maana jua linarudi. Siku za kwanza za Oktoba, kiasi cha saa saba kasorobo mchana, kivuli kitapotea kabisa. Jua litakuwa utosini. Watu wa Kibondo wataona hivyo siku mbili tatu kabla ya watu wa Kasulu, kwa kuwa Kibondo iko kaskazini zaidi na jua linatoka huko.

Mvua haifiki siku hiyohiyo. Mkanda wa mvua huchelewa nyuma ya jua. Mara nyingine mwezi wa Septemba inanyesha mvua moja au mbili, vumbi linatulia, watu wanakimbilia majembe. Kisha jua linarudi wiki tatu, na mbegu inakufia ardhini. Mbegu ya kununua siku hizi si ya kuchezea. Andaa shamba, lakini subiri mpaka udongo uwe umelowa chini mpaka urefu wa kiganja na vidole vyake, siyo juu tu.

Na ukisikiliza redio, sikiliza vizuri unatajwa wapi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa mvua kabla ya kila msimu. Katika taarifa zake, Kibondo na Kakonko huwekwa pamoja na mikoa ya Ziwa Victoria, ambayo ina mvua za vuli na za masika. Sehemu nyingine za mkoa wa Kigoma huwekwa kwenye mvua za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Kwa hiyo mtu wa Kibondo akisubiri tangazo la "Kigoma" anaweza kuchelewa, na mtu wa Kasulu akifuata la Kibondo anaweza kupanda mapema mno.